Kabla ya kuota kiwanda cha vimeng'enya, Kilimarondo ihesabu muhogo wake

MKULIMA wa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, anapozungumzia fedha huzungumzia korosho, ufuta na mbaazi. Hayo ndiyo mazao yanayokwenda ghalani, yakapimwa, yakaandikiwa stakabadhi na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha Runali, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Muhogo hauna nafasi hiyo. Kwa wengi ni zao la kuzuia njaa, linalochimbwa kadiri ya mahitaji ya nyumbani. Ziada yake huanikwa ikawa makopa na kuuzwa kwa bei ambayo mnunuzi ndiye anayeipanga.

Hata hivyo, ndani ya muhogo huo mna bidhaa ambayo viwanda duniani huinunua kila siku, nayo ni wanga. Wanga huo ukibaki ulivyo ni unga wa ugali. Ukipitia mkononi mwa kimeng'enya unaweza kuwa shira ya kutengenezea pipi na biskuti, spiriti ya hospitalini au bia.

Vimeng'enya vinavyovunja wanga, ambavyo wataalamu huviita amilesi, hutengenezwa viwandani kwa kuwalisha bakteria ndani ya matangi. Teknolojia yake inajulikana kwa zaidi ya miaka 100 na bidhaa yake ina soko. Kwa hiyo si ajabu kusikia watu wakiuliza kwa nini mikoa inayolima muhogo kwa wingi, kama Lindi na Mtwara, isiwe na kiwanda cha aina hiyo.

Swali hilo ni zuri, lakini limeanzia mwisho. Mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Kusini mwenye akiba ya kuwekeza anapaswa kujiuliza kwanza kama faida yake iko kwenye kutengeneza kimeng'enya, au kwenye kuzalisha kile ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi. Hesabu zinaonyesha kwamba iko kwenye hicho cha pili.

Kimea kilitangulia

Kila anayetengeneza togwa tayari anatumia amilesi. Uji mzito ukiachwa upoe kidogo, kisha ukatiwa unga wa kimea cha mtama au ulezi, baada ya muda huwa mwepesi na mtamu bila kuongezwa maji wala sukari.

Sababu ni kwamba mbegu inapoota hutengeneza amilesi ili ivunje wanga iliyojiwekea na kupata sukari ya kulisha mche. Mtengeneza togwa huikatiza kazi hiyo kwa kuanika kimea juani, kisha huiendeleza ndani ya sufuria yake.

Wanga ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari vilivyoshikana. Amilesi hukata mnyororo huo katikati, ndiyo maana uji hulainika haraka. Kimeng'enya kingine, glukoamilesi, humalizia kwa kubandua glukosi moja moja kuanzia mwishoni. Viwanda vya shira hutumia vyote viwili.

Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, ndio waliokitenga kimeng'enya hicho kutoka kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833. Mwaka 1894 Mjapani Jokichi Takamine, akiwa Marekani, alipata hataza ya kukitengeneza kwa kukuza kuvu juu ya pumba za ngano. Katika miaka ya 1910, Auguste Boidin na Jean Effront wakaonyesha kwamba bakteria wanaweza kufanya kazi hiyo kwa wingi zaidi.

Wateja wa mwanzo wa kimeng'enya cha bakteria walikuwa viwanda vya nguo. Nyuzi hupakwa wanga ili zisikatike wakati wa kufuma, na wanga huo lazima uondolewe kabla kitambaa hakijatiwa rangi. Hata leo, khanga au kitenge kisichosafishwa vizuri hatua hiyo hushika rangi kwa mabaka.

Tofauti kubwa kati ya kimea na bakteria ni joto. Wanga lazima upikwe ndipo ufunguke, lakini amilesi ya kimea huharibika kabla maji hayajachemka. Amilesi ya bakteria anayeitwa Bacillus licheniformis hufanya kazi hata kwenye nyuzi joto 90 hadi 100 na zaidi kidogo. Kiwanda kinaweza kupika na kukata kwa wakati mmoja, vinginevyo uji mzito ungeziba mabomba.

Ndani ya tangi

Bakteria wa jamii hiyo hupatikana kwenye udongo wa kawaida wa shambani. Kuwatafuta ni kazi ambayo maabara ya chuo inaweza kuifanya kwa gharama ndogo. Udongo huchanganywa na maji safi, tone lake likawekwa kwenye sahani yenye chakula cha wanga, na vijidudu huachwa viote. Kisha sahani humwagiwa iodini. Wanga hugeuka rangi ya buluu iliyokoza, lakini pale ambapo bakteria ameula hubaki duara jeupe. Mwenye duara kubwa ndiye anayechukuliwa.

Bakteria aliyechaguliwa hukuzwa kwanza kwenye chupa, kisha kwenye tangi dogo, hatimaye kwenye tangi kubwa. Chakula chake ni wanga au shira, protini kama mashudu ya soya au karanga, pamoja na chumvi za madini. Hupulizwa hewa safi, mchanganyiko ukikorogwa muda wote, kwa joto la karibu nyuzi 37. Kazi hiyo huchukua siku 2 hadi 4.

Uzuri wa bakteria hawa ni kwamba hukitoa kimeng'enya nje ya mwili wao. Uchachushaji ukikamilika, bakteria huchujwa na kutupwa, maji yaliyobaki hupunguzwa mpaka kimeng'enya kiwe kikali, kisha hutiwa vitu vya kukilinda kisiharibike na kujazwa kwenye madumu na mapipa.

Kwa maneno kazi ni nyepesi. Ugumu wake ni wa aina 4. Wa kwanza ni usafi, kwa sababu kijidudu kigeni kikiingia tangini, chakula chote huliwa na mgeni. Wa pili ni umeme, maana hewa ikikatika bakteria huzimia na mzigo mzima ukaharibika. Wa tatu ni kupoza, kwani tangi lenyewe hutoa joto jingi.

Wa nne ndio wa kibiashara zaidi. Kimeng'enya hakiuzwi kwa uzito tu, huuzwa kwa nguvu yake ya kuvunja wanga. Mnunuzi hupima, na dumu lenye nguvu pungufu hurudishwa. Mkulima wa korosho aliyewahi kuona mzigo wake ukishushwa daraja anaelewa maana yake. Bila maabara inayoaminika, kiwanda hakina cha kuuza.

Ipo njia rahisi zaidi, ya kukuza vijidudu kwenye trei za pumba zilizoloweshwa, ambayo ndiyo aliyoanza nayo Takamine. Njia hiyo inafaa kwa utafiti na uzalishaji mdogo, na pumba za mahindi au maganda ya muhogo yanaweza kutumika. Lakini tatizo la usafi na la kupima nguvu linabaki palepale.

Hesabu ya pipa moja

Sasa tuingie kwenye hesabu. Amilesi ya maji inayouzwa viwandani hutumika kwa kiasi cha takriban nusu kilo kwa kila tani ya wanga mkavu.

Tuchukue kiwanda cha wastani kinachotumia tani 10 za wanga kwa siku. Kitahitaji kilo 5 za amilesi kwa siku, yaani kilo 150 kwa mwezi wa siku 30. Hilo halijazi hata pipa moja la lita 200.

Upande wa pili, kupata tani moja ya wanga kunahitaji tani 4 hadi 5 za muhogo mbichi. Kiwanda hichohicho kitataka hadi tani 50 za muhogo kila siku, au tani 1,500 kwa mwezi. Kikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni tani 15,000.

Kwa mavuno ya tani 6 kwa hekta, zinahitajika hekta 2,500 zinazochimbwa kila mwaka. Mavuno yakipanda kufikia tani 20 kwa hekta, ambayo mbegu bora na palizi ya wakati huweza kuyatoa, hekta 750 zinatosha.

Kwa maneno mengine, kila mwezi kiwanda hununua chini ya pipa moja la kimeng'enya na tani 1,500 za muhogo. Fedha ya mkulima iko kwenye tani 1,500.

Jambo jingine ni usafiri. Pipa moja hupakiwa kwenye pikapu, na likitunzwa mahali pa baridi hukaa miezi kadhaa. Muhogo mbichi huanza kuharibika ndani ya siku 2 au 3 baada ya kuchimbwa. Kimeng'enya kinaweza kutoka Dar es Salaam, India au Denmark na kazi ikaenda. Wanga hauwezi kungoja, lazima muhogo ukwanguliwe karibu na shamba. Kwa hiyo mashine inayostahili kujengwa kijijini ni ya kukwangua na kukausha.

Vilevile, anayetaka kuuza kimeng'enya atashindana na wakubwa. Kampuni ya Novozymes ya Denmark, iliyojitenga na Novo Nordisk mwaka 2000, iliungana na Chr. Hansen mwaka 2024 na kuwa Novonesis. Genencor ya Marekani ilinunuliwa na Danisco mwaka 2005, nayo Danisco ikanunuliwa na DuPont mwaka 2011. Ikiwa kampuni za ukubwa huo zinalazimika kuungana, tangi moja dogo linalotegemea wateja wa wilaya moja litapata shida kulipa hata bili ya umeme.

Hii haina maana kwamba nchi ikate tamaa. Viwanda vya bia, nguo, mikate na sabuni vya Afrika Mashariki vikihesabiwa pamoja, vinaweza kubeba kiwanda kimoja cha vimeng'enya. Lakini mahali pake ni karibu na umeme wa uhakika, maabara na wateja hao, na mtaji wake wa mwanzo ni wa kitaifa, si michango ya wanachama wa chama cha msingi.

Masoko ya jirani yanasema nini

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya Mto Ruvuma. Mwaka 2011 kampuni ya bia ya Msumbiji ilianzisha huko Nampula bia ya Impala, inayotumia muhogo kwa sehemu kubwa. Kikwazo cha muhogo kuoza kilitatuliwa kwa mtambo unaohamishika wa kampuni ya DADTCO. Badala ya mkulima kuufuata mtambo, mtambo ulimfuata mkulima, ukakwangua muhogo na kuukamua kuwa donge linaloweza kusafirishwa. Serikali nayo ilipunguza ushuru wa bia hiyo.

Uganda ilitangulia kwa mtama, kupitia bia ya Eagle iliyoanza mwaka 2002. Kimea cha mtama kina upungufu wa baadhi ya vimeng'enya vilivyo kwenye shayiri, hivyo bia za aina hiyo hutegemea sana vimeng'enya vya kununua. Pipa dogo la kimeng'enya likafungua soko la magunia ya mtama.

Kenya inatoa onyo. Bia ya Senator, iliyoanza mwaka 2004 na baadaye kutegemea mtama wa wakulima wa ndani, iliuzwa kwa bei nafuu kwa sababu ilisamehewa ushuru. Mwaka 2013 serikali iliporudisha ushuru wa asilimia 50, mauzo yaliporomoka na wakulima wakabaki na mtama wao. Soko linalosimama juu ya msamaha wa kodi linaweza kuanguka kwa hotuba moja ya bajeti.

Tanzania pia ilitiliana saini na China mwaka 2017 makubaliano ya kuuza muhogo mkavu nchini humo. Ni mlango mwingine, lakini unataka mzigo mkubwa, mkavu na wa ubora unaofanana. Yote hayo huanzia shambani.

Udongo nao ni mali

Lipo jambo moja kuhusu bakteria ambalo vijiji havina budi kulifahamu mapema. Katika miaka ya 1990, vijidudu vilivyochukuliwa kwenye maziwa ya magadi ya Kenya, likiwamo Bogoria, vilifikia Genencor na kuhusishwa na kimeng'enya cha kulainisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza kudai sehemu ya mapato, likisema vijidudu hivyo vilichukuliwa bila kibali chake. Mwaka 2007 shirika hilohilo lilitia saini makubaliano na Novozymes kuhusu matumizi ya vijidudu vya hifadhi zake.

Tofauti ya matukio hayo mawili ni karatasi iliyotiwa saini kabla ya kazi kuanza. Mtafiti anayetaka udongo wa Kilimarondo au Ruangwa anapaswa kuonyesha kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na serikali ya kijiji iweke kumbukumbu ya nani alichukua nini, lini na kwa ajili gani. Haigharimu chochote, ila daftari.

Nachingwea imewahi kuona mashine zikitangulia

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kuambiwa hatari ya mradi mkubwa ulioanza kwa mashine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikavutwa hadi Nachingwea.

Mpango huo ulianza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Zaidi ya pauni milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zilipotea. Udongo na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, na reli iliyojengwa kubeba karanga ilikosa mzigo, ikaja kung'olewa miaka ya 1960.

Karanga zenyewe hazikuwa na kosa, maana wakulima wa eneo hilo wanazilima mpaka leo. Kosa lilikuwa kununua mitambo kabla ya kuwa na uhakika wa zao. Tangi la kuchachushia lililowekwa mahali pasipo na muhogo wa kutosha, umeme wa uhakika wala mnunuzi litapata hatima ya reli ile.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni pingili safi. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu wa Amani, Tanga, tangu miaka ya 1930, huozesha mizizi ndani ya ardhi huku majani yakionekana ya kuridhisha. Muhogo wenye madoa ya kuoza hauna wanga wa kuuza. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, ndicho mahali pa kuulizia aina zinazostahimili. Chama cha msingi kinaweza kuanza na shamba moja la kuzalisha pingili za wanachama.

Ya pili ni kupanda kwa zamu. Muhogo una sifa ambayo ufuta hauna, nayo ni kwamba unaweza kungoja ardhini kwa miezi kadhaa baada ya kukomaa. Wakulima wakipanda kwa makundi, mzigo utapatikana wiki hadi wiki, na hicho ndicho kiwanda hukitafuta kuliko kitu chochote.

Ya tatu ni kikundi kujaribu wanga wa kukwangua. Muhogo humenywa, ukaoshwa, ukakwanguliwa, ukachujwa kwa maji mengi, wanga ukaachwa utuame na kukaushwa. Kazi hiyo hupunguza pia sumu ya muhogo mchungu, lakini inataka maji safi. Kijiji kinachopata shida ya maji kiangazi kianze na kisima.

Ya nne ni kujaribu shira kwa kiasi kidogo, kwa kimea kwanza, kisha kwa kimeng'enya cha kununua. Waoka mikate na watengeneza pipi wa mijini wapewe sampuli, na TBS ishirikishwe kabla bidhaa haijaingia dukani. Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo atakapojua kwa fedha yake mwenyewe kama kimeng'enya kinamlipa.

Ya tano ni mkataba unaolipa kwa kiwango cha wanga. Thailand, wanunuzi huchukua kilo 5 za muhogo, wakazipima hewani kisha ndani ya maji, na tofauti ya uzito huonyesha kiasi cha wanga. Mizani hiyo ni rahisi kuielewa. Mkulima mwenye muhogo wenye wanga mwingi asilipwe sawa na mwenye muhogo wa maji, na upimaji ufanyike mbele yake.

Atakapokuja mwekezaji mwenye mpango wa kiwanda cha vimeng'enya, wanachama wamuulize maswali machache. Wateja wake ni akina nani na wamesaini nini? Nguvu ya bidhaa itapimwa na maabara gani? Umeme ukikatika katikati ya siku ya pili, hasara ni ya nani? Atanunua wanga na mashudu kiasi gani kutoka kwao, na kwa bei ipi?

Akijibu kwa takwimu, azungumziwe. Kabla hajafika, kikao cha chama cha msingi kina swali lake la kujibu: ni hekta ngapi za muhogo usio na ugonjwa zitakuwa tayari kuchimbwa kila wiki ya mwaka ujao?